Skrini ya Mlangoni kwa Mwanvita

Mwanvita ni mtoto wa mdogo wangu, na kwetu Waluguru mtoto wa mdogo wako ni wako, kwa hiyo nikimsema namsema mwanangu. Ana chumba cha video hapa Mkuyuni, kando ya barabara ya Matombo. Anarekodi harusi, kisha anakaa nyuma ya pazia na laptopu yake, anazikatakata na kuziunga, macho mekundu kama ya mpika maandazi. Mlangoni ameweka skrini kubwa inayotazama barazani, nayo imeungwa kwa waya na laptopu hiyo hiyo. Ndani anafanya kazi ya leo, nje watu wanaona harusi iliyokwisha, wanavutika. Skrini mbili, kila moja na mambo yake. Hata mimi wa darasa la nne nilielewa mara ya kwanza nilipoelezwa.

Twalibu hakuelewa, na yeye ndiye fundi.

Chausiku, jirani yetu, alikuwa anamwoza binti yake, mwalimu mzima. Kabla ya ndoa tukamweka ndani kama inavyopasa, mimi nikiwa kungwi. Mama yake Chausiku, Bi Semeni, anakaa Kisaki na miguu haimchukui. Chausiku akaomba nyimbo za ndani zirekodiwe, mama naye azione. Nilikataa. Mwaka ule wa vita ya Kagera mwanamume mmoja alichungulia dirishani, tukamtoza jogoo na doti ya kanga, na hadi anazikwa aliitwa Mchungulizi. Ndipo Mwanvita akaapa mbele yetu wote: "Mama mkubwa, jicho la mwanamume likiona nyimbo hizi, msiniite tena kwenye shughuli ya wanawake. Nihesabuni nimetoka." Mtu wa kujitia kitanzi namna hiyo utamkataliaje? Nikakubali, akarekodi.

Siku ya gulio skrini ya mlangoni ikawa nyeusi. Laptopu inawaka, skrini inasema haipati picha. Mwanvita akachomoa waya, akaupuliza, akachomeka upande wa pili. Akazima vyote, akawasha. Wapi. Ikabidi amwite Twalibu, fundi wa simu na redio.

"Shikamoo bibi. Hii dakika mbili tu."

"Marahaba. Zisizidi."

Mwanvita akamwambia nikisikia, "Hangaika na ya nje. Laptopu usiiguse, ina kazi ya watu." Akavuka barabara kuazima waya mwingine. Mimi nilikuwa barazani, nimeipa skrini mgongo.

Kijana asiyesikia! Akaupa waya mgongo, akaingia nyuma ya pazia, akabonyezabonyeza. Nikasikia sauti yangu. Sikuwa nimefungua mdomo, lakini naimba, tena kwa nguvu. Kugeuka, nikajiona kwenye skrini nikicheza mbele ya mwali, Chausiku pembeni na vigelegele. Wenye bodaboda wameegemea pikipiki, wanatabasamu.

"Bibi kumbe unaweza!" mmoja akapiga kelele.

Nilivua kanga yangu ya begani nikaifunika skrini. Picha ikafa, wimbo ukaendelea.

"Zima!"

Twalibu akachungulia kwenye pazia, meno yote nje. "Imekubali, bibi! Nimefanya zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Si mlitaka picha?"

"Nani alikuomba kitu kimoja? Una masikio au vishikio vya sufuria?"

"Bibi, kwani kuna ubaya gani? Wanawake wanaimba tu."

"Ubaya ungekuwa haupo, kazi hii ingefichwa nyuma ya pazia?"

Mwanvita akaja mbio, akang'oa waya kwa nguvu hadi skrini ikayumba. Hakumtukana. Mimi nilimtukana kwa niaba yake, Kiswahili kiliponiishia nikaingia Kiluguru.

Chausiku alifika habari imeshamtangulia. Mwanvita angeweza kumsukumia Twalibu lawama zote, na zilimstahili. Alisema tu, "Nimekiacha kifaa wazi. Nimevunja kiapo."

"Futa," akasema Chausiku.

"Na bibi wa Kisaki?"

"Futa, Mwanvita!"

Akafuta, sote tunaangalia. Kisha akatuambia tusimwite tena, akashusha pazia.

Jioni wanawake tulikwenda kwenye meza ya Twalibu, tukasimama, tukaimba wimbo wa Mchungulizi, ambao hauhitaji kufichwa. Alicheka ubeti wa kwanza. Wa tatu akawa anakusanya bisibisi zake. Kesho yake akaleta jogoo na doti ya kanga, nikapokea bila kumwitikia shikamoo yake.

Tukapanda basi la Kisaki tumwimbie Bi Semeni wenyewe, na Mwanvita nikamburuta mkono. Wenzangu walinuna njia nzima, kwamba aliyejitoa hapandi nasi. Chausiku akamvalisha mama yake kanga ya faini, akamweleza yote. Bi Semeni akanikodolea macho mimi.

"Zuhura, nani alikwambia nataka picha?"

"Miguu yako, dada..."

"Miguu! Hakuna gari? Hakuna mgongo wa kunibeba? Nimewacheza mwali ninyi nyote, leo mjukuu wangu anawekwa ndani mnanitafutia sinema! Nilitaka kuitwa!"

Akatupa macho nyuma yetu. Mwanvita alikuwa amebaki mlangoni, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Na yule kasimama nini pale?"

"Ametoka, mama," akasema Chausiku. "Aliapa."

"Aliapa kwa nani? Mkubwa wa nyimbo hizi nipo hai, sikuulizwa. Wewe, ingia! Funga mlango upige makofi, na ukikosea nakutoa mwenyewe."

Mwanvita akafunga mlango, akapiga.