Mzigo wa Issenye na Breki za Bhoke

Niliondoka nyumbani Kewanja kwa sababu mjukuu wangu Bhoke alikuwa na gari lililojua kukimbia kuliko kusimama. Nawaandikia ninyi mlioniona nimekaa kiti cha nyuma na mkungu wa ndizi, mkasema bibi kapata wazimu. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo, na safari hii niliiona yote.

Kwanza gari lenyewe. Mnakumbuka miaka ile dhahabu ilipowatia watu kichaa, kijana anatoka duarani, shimo la dhahabu, na tope hadi masikioni, kesho yake ana gari. Mmoja wao, Chacha, alinunua hili dogo jeupe lenye turbo, linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Siku ya tatu likamtupa kwenye mihogo ya watu. Akatoka, akajipangusa, akamwambia Bhoke, "Chukua wewe fundi. Mimi narudi kwenye bodaboda."

Bhoke alikuwa fundi wa injini za makarasha, zile mashine za kusaga mawe, msichana peke yake kati ya wanaume. Alilinyoosha gari, akalifunga breki kubwa mbele, diski pana kama sahani ya ugali. Likasimama vizuri. Mimi nikamwambia, "Kama mbele kubwa ni nzuri, mbona nyuma umelinyima?" Akanisikiliza, akatoa breki ndogo za nyuma, akafunga kubwa huko pia. Siku hiyo hiyo alikanyaga breki, mkia wa gari ukatoka ukataka kupita mbele. Ua wa jirani ukaenda chini.

Lakini ua unajengwa. Lililotukaba ni jingine. Mugumu kuna fundi anaitwa Mzee Shabani, watu wa Serengeti nzima wakisema breki wanamtaja yeye. Bhoke alimwomba kazi kwenye gereji yake, akajibiwa kwa simu: "Njoo na hilo gari lako. Likisimama limenyooka mbele ya macho yangu, una nafasi. Likiyumba, baki na makarasha." Na makarasha mnayajua. Baba yake Bhoke, mwanangu wa kwanza, alikohoa vumbi lile mpaka tukamzika. Sikutaka kikohozi kile kianze na kwa huyu.

Jumatano asubuhi, saa moja, tulipakia. Dada yangu Wankyo yuko Issenye, mbele ya Mugumu, na alikuwa ametoka kuugua, kwa hiyo nilimbebea mkungu wa ndizi, gunia la ulezi na jogoo. Vyote nyuma, na mimi katikati yake. Mama yangu alitulea hivi: mzigo wa ndugu haushushwi njiani. Ukigusa ardhi ya mtu mwingine, umekuwa wake. Mimi sijawahi kuivunja sheria hiyo, hata siku niliyobeba mbuzi begani kutoka Gorong'a.

Kwenye mteremko wa daraja la Mto Mara, Bhoke alikanyaga breki nikafumba macho. Mkia ulitikisika kidogo tu, si kama ule wa nyumbani. Nikadhani gari limeniheshimu.

Mugumu tulifika saa nne. Mzee Shabani alitoka gereji amevaa kofia ya kufumwa, mikono mirefu, hana haraka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Karibu ushuke unywe chai."

"Chai iletwe hapa. Nina mzigo wa dada yangu, haugusi ardhi ya mtu."

"Ukigusa?"

"Unakuwa wako."

Akacheka. "Basi kaa. Usije ukanitajirisha."

Alichuchumaa, akachungulia matairi ya nyuma. Halafu akauliza, "Nani alikushauri kufunga hizi kubwa nyuma?"

Bhoke akaangalia chini. Ana adabu mtoto huyu. Nikasema, "Ni mimi."

"Haya, Bibi. Ukikimbia na ndoo ya maji kichwani, ukasimama ghafla, maji yanamwagika wapi?"

"Mbele. Hata mtoto anajua."

"Na gari ni hivyo hivyo. Likisimama, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi. Tairi jepesi ukilikaba kwa nguvu linaganda, linateleza, mkia unatoka. Mbele pakamate kwanza, nyuma pasaidie tu."

Akampa Bhoke kikoki kidogo cha shaba, akamwonyesha bomba linalopeleka mafuta ya breki nyuma. "Kifunge hapa. Ukikikaza, nyuma inapata nguvu kidogo. Ukikilegeza, inapata nyingi. Kipimo utakitafuta mwenyewe. Mimi sitii mkono."

Wakalipandisha gari kwa jeki nikiwa ndani. Watu wa sokoni walikuja kutazama bibi aliyeko hewani na jogoo. Bhoke akafunga kikoki, akatoa upepo kwenye mabomba, tukaenda barabara ya changarawe kujaribu. Mara ya kwanza mkia ukatoka, jogoo akanirukia usoni. Akakaza kidogo. Mara ya pili afadhali. Mara ya tano gari likasimama kama limepigiliwa msumari. Nilipiga vigelegele nikamwambia jogoo aitike.

Bhoke akasema, "Bibi, hebu shuka na mizigo kidogo, nijaribu likiwa tupu."

"Nishuke niache ndizi kwa nani? Limesimama, umeliona. Twende Issenye."

Mzee Shabani alisikia. "Kesho mkirudi nitalitazama," akasema, akaingia ndani.

Nata tulipita saa nane. Vijana wa bodaboda walitupungia, mmoja akapiga kelele, "Bibi, mbona mbio hivyo, Issenye nako imetoka dhahabu?" Nikamjibu, "Imetoka, mura, ila wewe huna gari la kuifikia." Bhoke akacheka, akaongeza mwendo. Nawaambia ukweli, nilipenda. Nyasi zilikuwa zinapita kama mtu anazivuta kwa kamba.

Issenye, kwa dada yangu, nilishusha mzigo wote kwa mikono yangu. Tukakumbatiana na Wankyo, tukalia kidogo, tukaanza kuulizana nani amekufa. Bhoke akachukua gari kwenda dukani kununua sukari. Hajafika mbali, ndama akakatiza. Nilisikia matairi. Nilipogeuka, gari lilikuwa limezunguka lote, linatutazama sisi, na ndama amesimama anatafuna.

Bhoke alishuka. "Limerudia, Bibi." Akakaa chini kwenye vumbi. "Kesho atanirudisha makarashani."

Nikaangalia gunia la ulezi pale chini mlangoni, na mkungu, na jogoo aliyefungwa miguu. Nikaangalia kiti cha nyuma kitupu. Halafu nikaelewa.

"Inuka," nikamwambia. "Mimi naingia nyuma. Wankyo, lete gunia."

"Gunia langu?" dada akasema. "Umelileta juzi au leo, mbona unalichukua?"

"Naliazima."

Tukajaribu. Gari likasimama limenyooka. Nikashuka na gunia, Bhoke akajaribu peke yake. Mkia ukatoka.

"Umeona?" nikasema. "Ni mimi. Mimi na ndizi ndio tuliokuwa tunakaa juu ya matairi yako. Umepima breki za bibi, hujapima za gari."

Bhoke alicheka mpaka machozi yakaosha vumbi usoni. Halafu akachukua spana. Alikaza kikoki unywele kwa unywele, anajaribu tupu, anajaribu na mimi, anajaribu tena tupu, dada yangu ameketi kwenye kigoda anahesabu mimi nimepanda mara ngapi. Jua lilipokuwa linashuka, kipimo kikapatikana. Likiwa tupu linasimama limenyooka. Nikiwamo na gunia linapitiliza hatua mbili hivi zaidi, lakini nalo limenyooka.

Alhamisi asubuhi Wankyo alitupakia gunia la karanga na kibuyu cha maziwa ya mgando, maana kwetu mgeni hafungi safari mikono mitupu. Saa tano tulikuwa Mugumu.

"Bibi," Mzee Shabani akasema, "chai iletwe hapo hapo?"

Nilifungua mlango. Nikashuka. Nikashusha kibuyu, nikakiweka kwenye ardhi yake. Nikaburuta gunia, nikaliweka pia. Ni kama nilimwona mama yangu ananitazama, na sheria yake. Bhoke naye alinitazama.

"Sasa gari ni tupu," nikamwambia mzee. "Pima."

Hakukaa pembeni. Alitembea katikati ya barabara, akasimama mikono nyuma, anamtazama Bhoke anakuja kwa kasi. Bhoke akakanyaga. Vumbi likampita mzee juu ya kofia, na lilipotulia, pua ya gari ilikuwa hatua tatu kutoka magotini mwake. Akainama, akatazama alama za matairi. Mistari miwili, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mpakie bibi yako na mizigo," akasema. Tukapakia, tukajaribu. Mistari ikanyooka tena.

"Jumatatu saa mbili asubuhi," akamwambia Bhoke. "Njoo na ovaroli yako, za hapa zote ni za wanaume wanene."

Nikashusha karanga na kibuyu mara ya pili, nikaviacha pale. Mzee akakataa, nikamwambia sheria ni sheria, vimegusa kwake. Alikuwa bado anacheka tulipoondoka.

Kurudi Kewanja nilikaa kiti cha mbele, kwa mara ya kwanza, mikono mapajani. Kuhusu breki nimejifunza hili: usiulize ni kubwa kiasi gani, uliza uzito uko wapi, na uliza tena uzito ukishuka.

Jumatatu alfajiri Bhoke aliondoka peke yake. Nilimsindikiza hadi juu ya mteremko, nikasimama kuangalia. Pale chini kwenye kona, ng'ombe wa mtu walikuwa wanavuka. Taa nyekundu zikawaka. Gari likasimama limenyooka, mkia haukutikisika hata kidogo, na kiti cha nyuma hakikuwa na mtu.

Halikunihitaji tena. Nilifurahi mpaka nikakaa chini.