Jina Lililotoka Kwenye Ukungu

Kuna siku moja ya Julai ambayo naikumbuka kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, mwanangu, kwa sababu siku hiyo macho hayakuwa na kazi. Ukungu ulishuka kutoka msituni tangu alfajiri ukakaa juu ya kijiji chetu, huku juu ya mji wa Lushoto, kama mgeni asiyejua kuaga. Ukisimama mlangoni ulikuwa huzioni hata kabichi za tuta la kwanza.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Nilikuwa nasoma historia, lakini nyumbani hilo halikuwasumbua. Kwao nilikuwa msomi, basi, na mtu akivimba jino nilitakiwa niwe na la kusema. Aibu yangu ni kwamba mara nyingi nililisema.

Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga. Kaka yangu Saidi na mkewe, wifi yangu Zaina, walikuwa wamepata binti aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kofia ya sufu ambayo mama alimfumia ilimfika mabegani. Muuguzi aliyewaruhusu kutoka hospitali aliwaambia maneno machache na kuyarudia: mtoto anyonye, alale kifuani kwa mama yake apate joto, anayemshika anawe mikono kwa sabuni, na mtu yeyote mwenye mafua au kikohozi asimkaribie. Kifua cha mtoto yule, alisema, hakitaweza kupigana.

Mama yangu alisikia yote, kisha akafanya lake. Alifunga madirisha, akajaza matambara kwenye nyufa, akataka kuingiza na jiko la mkaa chumbani. Hapo Zaina, mpole siku zote, alikataa katakata, kwani muuguzi alikuwa amewaonya kwamba mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaweza kuua watu wamelala. Mama akaliacha jiko uani, lakini madirisha hakuyagusa. Kwake yeye mafua yalikuwa kitu kinachokaa ndani ya ukungu na kupenya dirishani.

Mimi jambo hilo lilinitatiza. Wakulima wetu wanaamka gizani, wanachuma karoti na kuziosha kwenye maji ya mtoni yanayouma vidole, na wengi wao hawapigi chafya. Lakini watoto waliobanana darasani wamefunga madirisha huangushwa na mafua wote kwa pamoja. Kama ugonjwa unakaa nje, kwa nini unawapata walio ndani? Nilimuuliza mama. Akaniambia nikamenye viazi.

Sasa kulikuwa na jambo lililotutia hofu kuliko ukungu. Katika ukoo wetu, mtoto wa mtoto wa kiume hupewa jina na shangazi mkubwa. Shangazi humpakata, huinama mpaka midomo inagusa sikio, na kumnong'oneza jina kabla mtu mwingine hajalisikia. Shangazi mkubwa wakati huo alikuwa Shangazi Halima, dada mkubwa wa baba yangu, mama wa shamba la chai kule Mponde, mwanamke ambaye hata baba yangu akiitwa naye alikuwa anafunga kwanza vifungo vya shati.

Asubuhi hiyo jirani yetu aliyetoka Soni sokoni alipita kutusalimu.

"Shangazi yenu nimemwacha njiani anakuja," alisema. "Amebeba kuku na majani ya chai. Lakini kifua chake, jamani! Anakohoa kama lori la mbao linapanda mlima."

Alipoondoka, tulitazamana. Kunong'ona sikioni! Ukitafuta njia ya kumpa mtoto mafua huwezi kupata iliyo fupi zaidi.

"Lazima aambiwe asiingie," alisema Zaina. Alikuwa amemkumbatia mtoto kana kwamba shangazi ameshafika.

"Aambiwe na nani?" aliuliza baba.

"Si mimi," alisema mama. "Mimi na wifi yangu tulishanuniana mwaka mzima kwa sababu ya sufuria."

"Mimi nikimzuia atasema nimemkana," alisema Saidi.

Kisha wakanigeukia wote.

"Wewe umesoma," alisema baba.

Nilijitetea kwamba nilichosoma ni biashara ya misafara ya karne zilizopita. Haikusaidia. Nilivaa sweta, nikajifunga kitenge, nikatoka hadi kwenye ua wa masale unaotenga kiwanja chetu na njia, nikasimama hapo nikipanga hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Ilikuwa na heshima nyingi, na sehemu ya katikati kuhusu vijidudu, na hitimisho la kumtaka radhi.

Kwanza nilisikia kikohozi, chini kabisa kwenye kona. Kisha kuku akilalamika. Halafu kimya. Nikajua amefika, ingawa nilichoona ni kivuli tu kwenye weupe.

"Onga mshi!" ilisema sauti, salamu yetu ya mchana.

Nilijibu, nikaongeza "Shikamoo, shangazi," na kwa mazoea nikaenda mbele kumpa mkono. Kwetu mkono ukishapewa hauachiwi upesi. Unashikwa mpaka habari za watu, mbuzi na mahindi zimalizike.

Kivuli kikarudi nyuma. Nilidhani ameshakasirika, nikaanza hotuba haraka haraka. Nikamweleza hali ya mtoto. Nikaingia kwenye vijidudu, nikatoka, nikaingia tena. Nikasema ukoo unamheshimu, na kwamba uamuzi huu si wa mtu mmoja.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tangu nimefika nimesimama wapi?"

"Hapo njiani."

"Nimesimama hapa kwa nini, unadhani? Napendezwa na baridi?" Akakohoa, uso ameuzika kwenye mkunjo wa mkono, ndani ya khanga. "Mimi mwenyewe najua nina kifua. Nimekuja ili wajue nimekuja. Kumletea mjukuu wangu kikohozi sikukusudia. Na wewe msomi, unanieleza magonjwa huku unanifuata kuninyooshea mkono. Rudi nyuma! Shikamoo bila mkono si shikamoo?"

Nikarudi nyuma.

"Lakini jina, shangazi?"

"Jina nitalisema. Mwambie Zaina asitoke kwenye baridi. Fungueni dirisha kidogo tu, asikie."

Nilikimbia ndani. Mama akasema kufungua dirisha kwenye ukungu ni wazimu. Zaina alinitazama, akamtazama mtoto, akamfunika vizuri na kukaa naye pembeni, mbali na upepo. Kisha akamwambia mumewe, "Fungua." Saidi akachomoa matambara.

Na ndipo ikaja, mwanangu, sauti ambayo mpaka leo siwezi kueleza ilitoka wapi katika kifua kile kilichoziba.

"Rehemaaa! Rehema binti Saidi! Bibi yako amekuja!"

Ng'ambo ya bonde mbwa alibweka. Jirani wa matuta ya chini, asiyeonekana, aliuliza kwa sauti, "Nani huyo Rehema?" na jirani wa juu yake akamjibu, "Mtoto wa Saidi!" Mtoto ambaye jina lake lilipaswa kuwa siri ya sikio lake alitangazwa mlima mzima kabla hajafumbua macho. Zaina aliinama akamnong'oneza lile lile. Alikuwa anacheka na kulia.

Shangazi alimwacha kuku amefungwa kwenye masale, majani ya chai akayatundika juu yake, akaenda kulala kwa rafiki yake aliyekuwa anaishi peke yake karibu na barabara. Mama alimpelekea uji wa moto na maji ya tangawizi, akayaweka mlangoni, wakasalimiana kwa mbali. Nadhani siku hiyo ndipo ugomvi wa sufuria ulipokwisha. Kikohozi kilipomtoka kabisa alirudi, akanawa mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu mpaka tukadhani anajiandaa kupasua mtu, akaketi, akampakata Rehema. Alikuwa mzima, na mtoto alikuwa mzima.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali ya mafua. Nimewachosha madaktari kadhaa kwenye karamu za harusi. Wananiambia mafua huletwa na virusi, na virusi huja na mtu, kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mkono unaotoka puani kwenda kwenye kitasa cha mlango. Ukungu peke yake haukupi mafua. Lakini mama naye hakukosea kabisa kuiogopa Julai, kwa maana baridi hutusukuma ndani, tukabanana na kufunga madirisha, tukanywea kikombe kimoja, na virusi wenyewe huishi vizuri zaidi kwenye hewa ya baridi. Bado najiuliza kwa nini watu wawili hulala chumba kimoja, mmoja akaugua na mwingine akaamka anaimba. Sijapata jibu la kuniridhisha.

Nami sasa ndiye shangazi mkubwa. Julai iliyopita mdogo wa kiume wa Rehema alipata mtoto wa kiume, nikaitwa. Nilikuwa nimelichagua jina kwa miezi. Asubuhi ya safari niliamka koo linakwaruza. Nilijidanganya kwamba ni vumbi. Njiani nikapiga chafya, nikalaumu maua. Nilipoufikia ua wa masale, ukungu ukiwa palepale kama nilivyouacha ujanani, miguu ilitaka kuingia. Hujui, mwanangu, jinsi mtu anavyotamani kumshika mtoto. Nilisimama. Nikapiga kelele, "Nina mafua! Siingii!" Kisha nikalitamka jina kwa nguvu zangu zote, na sauti yangu, iliyozoea kipaza sauti cha mihadhara, haikuvuka kabichi.

Dirisha likafunguliwa. Rehema, mtu mzima mwenye miwani, akatoa kichwa.

"Shangazi, umesema nani?"

"Halimu!"

Akavuta pumzi, akalipigia kelele jina la mtoto wa mdogo wake mpaka mbwa wa ng'ambo akabweka.

Basi, mwanangu, nisikilize. Ukiwa na mafua, sema wewe kwanza. Usimwachie mwenyeji aibu ya kukuzuia, maana wengi hawataweza, na mtoto au mzee ndiye atakayelipia adabu yao. Nawa mikono kwa sabuni unapotoka nje, kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto. Kohoa kwenye mkunjo wa kiwiko. Jua likichomoza fungua dirisha, hata kidogo, hewa ibadilike. Kikombe chako kiwe chako. Kula mboga na matunda ya milimani kwetu, lala vya kutosha, na ile barakoa iliyobaki kwenye droo ivae ukiwa na kikohozi na huna budi kutoka. Usinunue antibayotiki kwa mafua, haziui virusi. Ulizia hospitali kama chanjo ya homa ya mafua inapatikana, hasa ukiwa mjamzito, au mzee kama ninavyoelekea kuwa. Na mtu akipumua kwa shida, au mtoto mchanga akipata homa au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja, tangawizi isubiri.

Mungu akupe kifua chepesi na mikono safi. Akupe watu watakaokufungulia dirisha siku usiyoweza kuingia, na akurudishe mlangoni mwao ukiwa mzima, upakate unachokipenda. Amina.