Koti Lisilotakiwa Kulowa

Mume wangu alistaafu kazi ya serikali akiwa mzima wa afya, akaingia kwenye uvuvi, na uvuvi ukampeleka wodini. Si kwamba alizama. Angezama wapi mtu anayevulia ukingoni, kakalia ndoo, mshipi mkononi, akisubiri perege wawili watatu wa kukaanga? Shida ni mvua. Bwawa lenyewe liko nje ya mji, chini ya milima, na mvua ya Uluguru haipigi hodi: unaona ukungu umeteremka, ukisema ukusanye vitu vyako, umeshalowa. Na yeye na wenzake wanaamini kambare hula vizuri maji yakichafuka, kwa hiyo ikianza kunyesha ndiyo kwanza wanakaa sawasawa. Masika iliyopita akalazwa kwa nimonia. Daktari akaniita pembeni, akasema mapafu ya mzee yamechoka, nimonia nyingine huenda asiinuke nayo.

Utasema basi, si aache kuvua. Nilimwambia aache, akaacha. Jamani! Mtu kazoea kusimamia watu, sasa hana wa kumsimamia ila mimi na jiko langu. "Mama watoto, kwa nini kitunguu kinatangulia nyanya?" "Mama watoto, hii mifuniko mbona haina mpangilio?" Haikuchukua muda, mimi mwenyewe nikawa nachimbua minyoo ya chambo nyuma ya nyumba na kumwekea kwenye kopo.

Lakini hakurudi bwawani hivi hivi. Kwanza nilikwenda kwenye mitumba kumtafutia koti la mvua. Mimi ni mtoto wa Kinole, kule juu milimani, mvua naijua tabia zake zote, sidanganywi na koti linalong'aa. Muuzaji, kaka mmoja mwenye maneno mengi, akanipa kwanza lile la plastiki nyembamba. Nikalivaa, nikarusha mkono kama mtu anayetupa ndoano, kwapa likaachia. "Aa, mama, sasa na wewe unavaa kwa vurugu!" Akaleta la mpira, zito, wanalovaa waendesha bodaboda. Hilo halipitishi maji wala hewa. Mzee akikaa nalo asubuhi nzima atalowa kwa jasho lake mwenyewe, na kifua hakiulizi maji yametoka wapi. Nikamrudishia.

La tatu lilikuwa chini kabisa ya rundo. Rangi ya majani mabichi, jepesi, mishono yote imezibwa utepe kwa ndani, zipu ina kifuniko chake, mikononi lastiki, na kofia ina kamba ya kukaza ili ukigeuza shingo nayo igeuke. Urefu wake unaishia mapajani, maana koti refu ukikaa linalala kwenye tope. Nikafunga fundo mkono mmoja wa koti, nikaomba maji, nikayamimina ndani, nikasimama nimeuinua. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama nanunua koti au ndoo. Mimi nilikuwa naangalia chini. Halikudondosha hata tone. Nikalinunua pamoja na gambuti, nikarudi nyumbani Kilakala natembea kwa maringo.

Mzee alilipenda, tena kupita kiasi. Alilivaa mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akaniita nimwone kwa nyuma. Ijumaa, jua kali, akaenda nalo msikitini. Wenzake wakamsifia, akarudi jasho linamtiririka, uso umejaa furaha.

Ikaja siku ya mvua. Asubuhi alitoka na koti lake, mimi nikakaa zangu kwa amani nachambua mchele. Mchana ikapiga mvua ya kuangusha migomba. Nikasema moyoni, nyesha tu, safari hii tumekuweza. Alipoingia mlangoni alikuwa amelowa mpaka kope, meno yanagongana, na kwapani kabana mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Akaufungua taratibu mbele yangu. Koti lilikuwa limekunjwa humo, kavu.

"Limepona," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi si nitabadilisha shati."

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Baba watoto, koti ndilo la kulowa! Kazi yake ni hiyo!" Akanitazama kama nimemtukania ndugu. "Koti jipya hivi? Na tope lote lile la bwawani?"

Nisimwonee, hatuko peke yetu. Kwetu rimoti ya televisheni inaishi ndani ya nailoni, na kochi limefunikwa kitambaa, juu ya kitambaa kuna kitambaa kingine. Kitu kizuri tunakilinda. Ila sijawahi kuona mtu anailinda nguo ya mvua isipate mvua. Aliniahidi siku nyingine atalivaa. Siku nyingine akarudi kalowa vilevile, eti mvua yenyewe ilikuwa ndogo. Kesho yake akaamka anakohoa. Kikohozi kile nilikijua, kilikuwa kilekile cha kabla ya wodi. Nikaogopa, nikaogopa kwelikweli.

Alipokwenda msikitini adhuhuri, nikalitoa koti uani. Moyo uliniuma, koti zuri vile! Nikalisugua masizi ya sufuria kifuani. Nikalikanyaga kwenye tope. Nikang'oa mfuko wa nje nusu, nikachukua kaa la moto nikatoboa pindo la chini, pale ambapo tundu halipeleki maji mwilini. Niliharibu kwa uangalifu uleule niliochagulia.

Akarudi, akaliona kwenye kamba.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Na akili zangu timamu."

Hakula mchana ule. Alikaa nalo magotini, anapapasa lile tundu kwa kidole. Kikohozi kikatulia, kinyongo kikabaki.

Mawingu yaliporudi mlimani, akalichukua kwa hasira. "Si lishaharibika? Acha nilimalizie." Akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni, akaenda zake.

Ilinyesha mchana kutwa. Aliporudi, koti linachuruzika maji sakafuni kote, nikamfuata palepale mlangoni, nikapitisha mkono chini ya shati lake, mgongoni. Palikuwa pakavu, pana joto.

"Umeniharibia koti langu," akasema.

"Ndiyo, nimeliharibu."

Akaendelea kulalamika, koti zuri, halipatikani tena, mke gani huyu. Mkono wangu nikauacha palepale.