Kikombe cha Bati cha Baba

Nyumba yetu ya udongo ilikuwa na mlango mmoja, kama nyumba zote za kambi ya wafanyakazi, hadi siku baba alipochukua panga akatoboa wa pili upande wa nyuma. Hakumwambia mtu. Mama alikuwa ameketi akichambua maharagwe, akaona ukuta unatikisika, udongo ukamwagikia kwenye ungo, kisha uso wa baba ukachungulia, umejaa vumbi na umetulia kabisa. Alisema kuanzia sasa atakuwa akiingilia hapo, asije akasumbua watu. Watu gani, hakusema. Nyumba ilikuwa yake na watu tulikuwa sisi.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto juu huko upande wa Njoro. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kung'arisha kitasa cha shaba cha mlango wa mbele wa nyumba kubwa. Alianza upande wa nje. Halafu, kwa kuwa mlango ule haukuwa wa watu kama yeye, alizunguka nyumba nzima, akapita bustani ya maua na tangi la maji, akaingilia jikoni, akavuka sebule miguu mitupu, ndipo akang'arisha upande wa ndani. Siku za mvua alizunguka vilevile, na mvua ya Njoro haina utani. Mlango wenyewe ulikuwa wazi muda wote huo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo.

Jikoni kule alikuwa na kikombe chake cha bati, kimetundikwa kwenye msumari wake peke yake. Memsabu, mke wa yule mzungu, alimwonyesha siku ya kwanza kabisa. "Mpishi, hii ndiyo kikombe yako," alisema. "Hapana kunywa na kikombe ya sisi." Basi baba akakanda mikate yao kwa mikono yake, akaonja supu yao kwa ulimi wake, lakini mdomo wake haukuruhusiwa kugusa kikombe chao. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado linaniudhi, hasa ile supu.

Mambo ya kazini hayabaki kazini. Baba alianza kukohoa kabla ya kuingia kwake, kile kikohozi kidogo cha mtumishi anayeuliza kama ana ruhusa. Mama akadhani ni kifua, akamburuta mpaka zahanati ya Nakuru mjini. Mganga wa pale akamgonga mgongo, akasikiliza, akasema mapafu ni ya kijana, kisha akampa chupa ya dawa nyekundu ili wasirudi mikono mitupu. Mama alimnywesha chupa nzima. Baba akaendelea kukohoa mlangoni, sasa kwa sauti safi zaidi.

Alikula akiwa amesimama. Ukimwita ghafla akiwa amesinzia, aliruka na kusema, "Ndiyo, memsabu," hata kama anayemwita ni mimi ninayetaka kumwonyesha kidole kilichochomwa na mwiba. Halafu akaenda dukani kwa Mhindi, akanunua kikombe cha pili cha bati kinachofanana na kile cha kazini, akakipigilia msumari wake karibu na mlango wa nyuma, akatukataza kukigusa. Majirani wakasema amerogwa. Nyapara wa shamba naye akaja kuuliza juu ya ule mlango, maana ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na mlango wa nyuma ulihitaji maelezo. Mama akamwambia angoje jioni asikie mwenyewe. Alingoja, akasikia baba akikohoa nje ya nyumba yake mara tatu bila kuthubutu kuingia, akakubali kwamba huyu si mtu wa kuhatarisha serikali.

Tulicheka, sitaficha. Tulimwigiza baba kwa zamu, na dada yangu mkubwa ndiye aliyemwigiza vizuri kuliko sote. Tuliacha kucheka siku dada huyo alipokuja kuposwa.

Kwetu wakwe wakija, uji wa wimbi uliochachuka humiminwa kwenye kibuyu kimoja. Binti huonja kwanza, humpa babake, babake hunywa na kumpa baba wa kijana. Hapo ndipo mambo yanakuwa yamekubalika. Baba wa binti asipokunywa, amekataa, na hakuna maneno matamu yatakayoziba pengo hilo. Siku ya dada, baba alikishika kibuyu, akautazama ukingo wake kwa muda mrefu, kisha akasema meno yanamuuma. Wageni wakangoja meno yapone. Jua lilipoanza kushuka wakachukua kofia zao, na hawakurudi tena. Baba alilia mbele yetu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alisema hangeweza kuwachafulia wageni kibuyu.

Dada alibaki nyumbani na ulimi mkali. Aliniambia, "Wewe ukitaka kuolewa, anza na baba."

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni nilipompata wangu, fundi cherehani wa mjini, mwenye vidole virefu na maneno machache. Nilimpenda mno. Nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Nilimweleza yote. Akasema babake ni weita katika hoteli moja ya wazungu huko Nakuru, hoteli ambamo mzee mwenyewe hangekubaliwa kuketi hata kama angekuja na suti, na kwamba mzee huyo naye ana mambo yake. Sikuuliza mambo gani. Ningeuliza, ningejiandaa.

Siku yenyewe dada aliviringisha kinu kikubwa, akaziba nacho mlango wa nyuma kwa ndani. Alimwambia baba leo ataingia kwa mbele kama mwenye boma. Baba akaahidi. Wageni wakafika, vigelegele vikapigwa, wakaketi, na tulipoangalia vizuri tukaona baba wa kijana hayumo. Na baba yangu naye hayumo.

Ndipo tukasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Kisha kikohozi cha pili, kikijibu kile cha kwanza.

Nilizunguka mbio. Niliwakuta wazee wawili wamevaa makoti yao ya kanisani, kofia mkononi, wamesimama mbele ya mlango uliozibwa. Kila mmoja alikuwa akimwomba mwenzake atangulie, na kila mmoja alikuwa akisisitiza kwamba yeye ndiye atakayemshikia mwenzake mlango. Walikuwa wakisukumana kwa adabu kiasi kwamba wangekaa pale hadi kesho. Sauti ya dada ikatoka ndani, nyuma ya kinu, ikisema hapa pamefungwa, zungukeni. Niliwaongoza mbele kama ndama.

Waliketi kwenye ncha za viti vyao. Maneno yakasemwa, yakajibiwa, kibuyu kikaletwa. Nilionja, nikampa baba. Aliutazama ukingo kama alivyoutazama siku ya dada. Kisha akaweka kibuyu chini taratibu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kile kikombe cha bati.

"Mtanisamehe," alisema. "Mimi nina changu."

Msemaji wa wageni alivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kukasirika. Lakini baba wa kijana alikuwa amekikazia macho kile kikombe, uso umemlainika kama mtu aliyemwona ndugu yake stesheni. Naye akaingiza mkono kwenye koti. Chake kilikuwa cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni.

"Hata mimi," akasema.

Dada alianguka kwa kicheko kando ya kinu, na nusu ya nyumba ikamfuata. Msemaji hakucheka. Alisema desturi inajua kibuyu kimoja, na watu wanaokunywa kila mmoja na chake hawajaungana, wamekutana tu njiani. Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Akaanza kutafuta kofia yake.

Hasira ikanipanda. Sikumkasirikia baba wala yule msemaji, na wale niliowakasirikia hawakuwa chumbani. Nilimnyang'anya baba kikombe chake, nikamimina uji ndani yake, nikanywa.

Baba aliruka juu. "Wacha! Utashikwa na ugonjwa!"

"Ugonjwa gani, baba?"

Kicheko kiliisha chote. Baba akamgeukia baba wa kijana, maana kama kulikuwa na mtu wa kumsaidia jibu ni yeye, lakini mzee huyo alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Sijui," baba akasema. "Hawakuwahi kuniambia."

Kisha akainama, akakiokota kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, uji ukimchuruzika kidevuni mpaka kwenye koti la kanisani. Akampa mwenzake. Mwenzake alikunywa kwa muda mrefu kupita kiasi, hata msemaji ikabidi amguse bega amkumbushe kwamba wengine nao wapo. Mama alilia, dada alilia, nami nikaolewa.

Sitadanganya kwamba baba alipona siku ile. Jumatatu alirudi kazini, akang'arisha kitasa upande wa nje, akazunguka nyumba nzima, akanywa chai yake kwenye kikombe cha msumarini. Kile cha nyumbani mama alikitumia kuwawekea kuku maji. Jioni tukasikia kikohozi mlangoni, safari hii mlango wa mbele, na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, akajibu, "Ingia, ni kwako." Alimjibu hivyo jioni ile na kila jioni iliyofuata, mpaka kikohozi kikaisha na baba akawa anaingia tu.