Wali wa Kunguru

Juzi, siku chache baada ya kumzika mama, niliona kunguru wakidokoa omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufuoni Homa Bay, nikamkumbuka Mama Nisha, jirani yetu Mhindi aliyefiwa na mumewe.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, siku ya Wahindu kuwalisha wafu wao, alipanda ngazi na sahani ya wali wa maziwa unaonukia iliki, akaiweka juu ya paa la duka. Aliwaita kunguru mpaka sauti ikamkauka. Nzi tu ndio waliokuja.

"Kunguru akila, mzee wangu amekula," aliniambia. "Wakikataa, bado ana kinyongo na mimi."

Nilidhani nampoza. "Wameshiba omena, Mama Nisha. Wamekula tangu asubuhi."

Hakunisikia. Alianza kuomba msamaha polepole, akiitazama sahani, machozi yakimtoka. Nilishangaa mtu mzima kulilia ndege.

Sisi ni Wasabato. Kwetu wafu wamelala, hawajui lolote. Lakini mama aliondoka hatujaagana, na jana nilibakiza ugali na samaki, nikaiweka sahani nje. Kunguru walipita juu yangu, wakaelekea ziwani.