Mikayi, Mimi na Tanuri la Mwanza

Nakumbuka siku ile meli ilipoachia gati la Kisumu, mimi na mke mwenzangu Mama Awuor tumekalia mabunda yetu kama kuku wanaopelekwa sokoni. Mjukuu wangu, wewe unayefunga sanduku kwenda kusoma nchi za watu, keti kwanza. Shule sikuenda sana, lakini ng'ambo nilifika kabla baba yako hajaota meno.

Miaka hiyo ya themanini mbuta alikuwa amejaa ziwani. Samaki mkubwa kama ndama, na mafuta yake hayana adabu. Omena, dagaa wetu, tulijua kumwanika. Mbuta ukimweka juani anaoza akikutazama. Ukimweka motoni mafuta yanadondoka, moto unaruka, nje makaa, ndani mbichi. Akina mama wa kikundi chetu cha samaki pale ufukweni Dunga walikuwa wanawatupia korongo riziki yao. Tukasikia Mwanza kuna mama anayejua kumkausha kwa moshi. Kikundi kikachagua wawili wakajifunze: Mama Awuor kwa sababu ya umri, mimi kwa sababu ya mdomo. Matofali ya tanuri letu yalikuwa yameshafyatuliwa, yanatungoja. Tukirudi mikono mitupu, nyuso tungezificha wapi?

Sasa, Mama Awuor ndiye mikayi, mke wa kwanza wa mume wetu. Mimi ni nyachira, wa pili. Na kwetu wa pili hatangulii. Mikayi asipopanda, jembe langu linalala. Asipovuna, mahindi yangu yananyauka nikiyaona. Heshima ndiyo nguzo ya boma, siidharau hata leo.

Melini niliuliza kila kitu. Nilimuuliza baharia mbona ziwa ni moja na sisi tunahitaji karatasi kulivuka. Akacheka, akaniambia nimuulize samaki. Mikayi akanifinya. "Nyachira, funga mdomo. Nzi wa Tanzania wataingia."

Mwenyeji wetu Mwanza, yule mama wa moshi, Bibi Kabula, alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa moshi. Alitulisha, akatulaza vizuri, asubuhi akatupeleka kwenye tanuri lake, akakata mbuta vipande, akauliza nani anaanza. Nikamtazama mikayi. Mikayi akatazama ardhi. Aliogopa kukosea ugenini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu. Yeye haanzi, mimi siwezi kuanza. Tukasimama pale kama nguzo za ua mpaka kuni zikawa majivu. Kesho yake hivyo hivyo. Bibi Kabula akachoka.

"Wageni wangu," akasema, "mtu akisafiri kutafuta elimu halafu akaona haya, amelitembeza tumbo lake tu. Moto haujui nani aliolewa kwanza."

Maneno yale yalinichoma. Maswali yalikuwa yamenijaa kama omena kwenye karai. Ningeweza kumruka mikayi, maana kule Mwanza nani angeniona? Lakini bomani tungerudi sote wawili. Basi nikamsogelea, nikamnong'oneza kwa Dholuo, lugha yetu, amuulize Bibi Kabula mbona bati lile juu ya moto limelazwa mteremko. Akanitazama sana. Halafu akauliza, Kiswahili kinachechemea lakini kinafika.

Bibi Kabula akatuonyesha. Mafuta yanaangukia bati, yanateremka hadi kwenye mkebe kando, moto hayaugusi. Kumbe ni hivyo tu! Nikanong'ona jingine: kuni gani? Akauliza. Jingine: moto mkali lini, moshi lini? Akauliza. Lililofuata halikutoka kwangu. Mikayi mwenyewe alikuwa ameshapiga magoti, mkono ndani ya tanuri, anataka kujua mafuta ya mkebe wanayafanyia nini. Wanayakaangia mandazi, mwanangu. Tangu hapo ulimi wake haukupumzika. Wakati wa kurudi, baharia yule akimwona anakuja, anageuza njia.

Tulipomaliza kujenga tanuri letu Dunga, akina mama walisimama kumngoja mikayi awashe, kama ilivyo ada. Akachukua kiberiti. Akageuka, akakiweka mkononi mwangu.

"Washa wewe, nyachira. Maswali yalikuwa yako."

Nikawasha. Mbuta wa siku ile alitoka mkavu, rangi ya mandazi, na korongo walilala njaa.

Basi sikia, mwanangu. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza: ujinga ni kuvuka maji yote yale ukarudi na swali lako tumboni. Uliza hata lile ambalo watu watalicheka. Waache wacheke, wakimaliza watakujibu. Lakini uliyetoka naye usimwache nyuma ili wewe uonekane mwerevu. Mwenzako akiona haya, mwazime swali. Siku moja atakupa kiberiti.

Nenda. Nyasaye, Mungu wetu, akufungulie vinywa vya wenyeji, akulinde kwenye maji na angani, akurudishe mzima. Na ukirudi, kabla sijakukaribisha chai, nitanusa nguo zako nijue kama ulikaribia moto.