Kamba ya Kiatu cha Mzee

Juzi asubuhi nilimkuta mzee mmoja kwa fundi wa baiskeli hapa Busia. Alikuwa akimpeleka mkewe hospitali ya Alupe kwa daktari wa macho, anayekuja mara moja tu kwa mwezi, na mnyororo ulikuwa umejibana nyuma ya gia. Ili utoke, ilibidi kufungua kiungo kidogo kinachoshika ncha zake mbili. Kiungo kilikataa. Fundi alikivuta kwa koleo mpaka akatoa jasho, nami, mwalimu wa miaka mingi, nikasimama pale nikimhimiza avute zaidi.

"Mzee, nikate? Lakini mnyororo mwingine sina."

"Ukikata, huyu atafika Alupe na nini?"

Mkewe, muuza dagaa wa omena, alikuwa ameketi kando akisikiliza. "Mzee, lete kamba ya kiatu," akasema. Akaupapasa mnyororo, akapitisha kamba pande zote mbili za kiungo, akapishanisha ncha kama anayefunga mdomo wa gunia. "Mnakitanua bure. Hiki kinataka kubanwa. Fundi, wewe vuta huko, mimi huku."

Wakavuta pamoja. Ta! Kikafunguka.

Baiskeli ilipokuwa tayari, fundi akamkumbusha mama arudishe kamba.

"Wacha nikae nayo," akajibu, akimshika mzee kiunoni. "Kiatu kikilegea ataendesha polepole. Mashimo yote ya hii barabara anayaona, na hakwepi hata moja."

Mzee alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Kisha akalikwepa shimo la kwanza.